Rabai: Kaya, Misheni na Msitu Usiokatwa

Mkaazi anayetoka Mazeras kuelekea Kaloleni hupita Rabai, kijiji kilicho juu ya mlima katikati ya minazi. Wengi hukijua kwa tembo la mnazi. Wachache hukumbuka kwamba vilima hivi vimo katika orodha ya Turathi za Dunia.

Kaya ni neno la Kimijikenda lenye maana ya nyumbani. Zamani Warabai, kama ndugu zao wa Mijikenda, waliishi katika boma ndani ya msitu mnene, kukiwa na njia chache za kuingilia, ili kujikinga na maadui. Hali ilipotulia, watu walitoka kidogokidogo wakalime mashamba. Msitu ukabaki, pamoja na makaburi ya wazee na mahali pa kufanyia maombi. Mwaka 2008, UNESCO iliorodhesha misitu ya Kaya za Mijikenda, na kaya za Rabai zikiwemo. Mwaka 2009 mila zenyewe zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Tofauti hiyo ni muhimu: miti yaweza kusimama huku anayejua maombi na miiko yake akiwa hayupo tena.

Historia nyingine iko hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka 1846 wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihamia Rabai. Kutoka hapa Rebmann alisafiri bara, na mwaka 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliikataa. Krapf naye alikusanya maneno ya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Hata hivyo, tukiwataja hao wawili pekee tunawapunja wengine. Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 waliokuwa hapa na katika misheni jirani walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana kulipwa fidia. Kanisa la kale sasa ni jumba la makumbusho chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Swali linaloulizwa sana ni hili: je, kuni zilizoanguka zenyewe zaweza kuokotwa kayani? Kwa mila, la, wala mti haukatwi. Kwa serikali, kaya zilizotangazwa katika gazeti rasmi ni kumbukumbu za kitaifa, na kuziharibu ni kosa chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Tunajua kuni ni shida ya kila siku, hasa kwa kina mama. Lakini msitu wa kaya ni mdogo. Kila jirani akichukua mzigo mmoja kwa wiki, hautadumu.

Anayetaka kuingia kaya aanze kwa wazee wa kaya. Wao ndio wanaoeleza mavazi yanayofaa, njia ya kupita, na mahali ambapo mgeni hafiki. Ukisikia shoka msituni, mjulishe mzee wa kaya au chifu siku hiyohiyo.