Gorogoro ya Rangwe katika hesabu ya taifa

Siku ya soko pale Rangwe, kaunti ya Homa Bay, mahindi hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Mama muuzaji huijaza, huitikisa punje zishuke, kisha huongeza konzi moja mpaka kilele kisimame. Mteja hulipa taslimu au kwa M-Pesa. Risiti hakuna. Na mahindi mengine hayafiki sokoni kabisa: hubaki katika dero, ghala la nyumbani, yakaliwa na watoto hadi msimu ujao.

Je, mahindi hayo yamo katika pato la taifa? Kwa kanuni za kimataifa, yamo. Chakula alichojilimia mkulima huhesabiwa hata kisipouzwa. Lakini kukipika, kufua, kulea mtoto na kuuguza mgonjwa bila malipo kumeachwa nje. Phyllis Deane, mchumi Mwingereza aliyepima pato la makoloni kama Nyasaland katika miaka ya 1940, alilipinga jambo hili mapema. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mwanamke nchini Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa mwanamume katika kazi hizo.

Hata kilichokubaliwa kuhesabiwa chaweza kupitwa. Septemba 2014, KNBS ilipohamisha mwaka wa msingi, yaani mwaka wa kulinganishia, kutoka 2001 hadi 2009 na kutumia takwimu mpya, pato la Kenya lilipanda kwa takriban asilimia 25, na nchi ikaingia kundi la mataifa ya kipato cha kati. Siku hiyo hakuna mkulima wa Rangwe aliyevuna gunia la ziada. Jasho lilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kipimo.

Bei nayo hudanganya. Gorogoro ikipanda bei maradufu na mavuno yakabaki yale yale, fedha zimeongezeka lakini uchumi haujakua. Ndiyo maana wataalamu huondoa kwanza mfumuko wa bei. Kisha huja swali zito zaidi, la tija: saa ile ile ya jembe inaleta magunia mangapi zaidi ya jana? Mbegu bora, mbolea ifikayo kabla ya mvua na barabara inayopitika ndivyo vinavyolijibu.

Tangu 2019 KNBS huchapisha pato la kila kaunti, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo hupatikana kwa kuligawa pato la taifa kwa viashiria vya kaunti. Viashiria vikiwa hafifu, mgao wa Homa Bay katika hesabu utakuwa wa kukisia, na mipango itajengwa juu ya makisio.

Kwa hiyo, msomaji, afisa wa takwimu akibisha hodi, mkaribishe. Mwonyeshe dero, mtajie magunia uliyovuna na uliyokula, bila kuficha wala kutia chumvi. Nayo serikali ya kaunti iajiri maafisa wa kutosha wa kuyaandika. Kisichohesabiwa hakipangiwi.