Utangulizi: Umri wa Aina Tatu wa Gari Moja

Huenda umekuja na swali moja tu: kati ya gari hili kuukuu na lile la karibuni, nichukue lipi? Ni mlango mzuri wa kuingilia elimu ya tathmini ya magari yaliyotumika. Ndani ya swali hilo mna fizikia, kemia, uhasibu na historia ya viwanda, na huhitaji kuwa fundi ili tuelewane. Nitakaa sana kwenye misingi, kwa sababu aliyeishika misingi hababaishwi na muuzaji yeyote.

Tuchukue mfano. Tuseme Dar es Salaam zinauzwa Mercedes-Benz mbili. Moja ni E 220 ya mwaka 1994, ya kizazi cha W124. Nyingine ni E 350 ya mwaka 2005, ya kizazi cha W211. Kizazi ni muundo mmoja wa gari unaotengenezwa kwa miaka kadhaa hadi kiwanda kinapoubuni upya. W124 ilitoka mwishoni mwa mwaka 1984, na W211 ilitoka mwaka 2002. Hapo umeshaona jambo la kwanza: gari lililoundwa kiwandani mwaka 1994 lilikuwa na fikra za wahandisi wa muongo uliotangulia.

Kwa hiyo usiulize tu gari lina miaka mingapi. Kila gari lina umri wa aina tatu, na mara nyingi hazilingani.

Ya kwanza ni umri wa kalenda, yaani miaka iliyopita tangu gari litengenezwe. Mpira, plastiki na gundi huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu joto, jua na oksijeni hazipumziki. Bushi hupasuka, mipira ya rejeta hukakamaa, sili huanza kuvujisha oili. Magari mengi ya Mercedes-Benz ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na W124 za mwishoni, yana kasoro inayofahamika sana: ganda la waya za injini hukauka kwa joto na kubomoka, kisha waya zinagusana. Gari la namna hiyo linaweza kuwa limetembea kidogo sana na bado likasumbua. Ukiliona, uliza kama waya za injini zimeshabadilishwa.

Ya pili ni umri wa mwendo, yaani kilomita. Huu hupima msuguano: ringi za pistoni, beringi, pedi za breki, sahani za giaboksi. Wanafunzi wapya huuamini kupita kiasi. Namba ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, basi ilinganishe na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva, ambavyo huchakaa kwa kutumika. Halafu kilomita zenyewe hazina uzito sawa. Gari lililopanda na kushuka barabara ya Morogoro limefanya kazi nyepesi kuliko lililoshinda kwenye foleni ya Kariakoo, injini ikinguruma na magurudumu yakiwa yamesimama.

Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni umri wa muundo: wahandisi walijua nini gari lilipobuniwa? Katika W124, kifaa kikubwa cha umeme kwa kawaida kina waya wake na swichi yake. Katika W211, kompyuta nyingi ndogo huzungumza kupitia CAN, mfumo wa mawasiliano ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Ufikirie kama baraza la kijiji: kila kompyuta hutoa taarifa yake mbele ya wote, na kila mwenye kuhusika huchukua inayomfaa. Faida yake ni kubwa. Mojawapo ni ESP, mfumo unaopunguza kasi ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Mercedes-Benz iliuanzisha mwaka 1995, nao umo ndani ya W211. W124 haina.

Gharama yake pia ipo. W211 za mwanzo, hadi maboresho ya mwaka 2006, zina breki za SBC. Ukikanyaga pedali, unatuma taarifa ya umeme. Kompyuta na pampu ndizo zinazosukuma mafuta ya breki kwenye magurudumu. Mfumo ukishindwa, mguu wako hubaki na breki za mbele peke yake, na pedali huwa ndefu na nzito. Cha kuvutia ni kwamba mfumo huo huhesabu mara ulizotumika, na hesabu ikifika kikomo kilichowekwa, unawasha onyo kwenye dashibodi. Huo ni umri ambao wala kalenda wala kilomita hazikuonyeshi. Mashine ya kupima ndiyo inayousoma.

Sasa tuingie kwenye fedha, sehemu inayowachanganya wengi. Uchakavu wa thamani ni kushuka kwa bei ya gari kadiri muda unavyopita. Gari hupoteza sehemu fulani ya thamani iliyobaki, si kiasi kilekile kila mwaka. Tukichukulia, kwa mfano tu, asilimia 15 kwa mwaka, gari la shilingi milioni 200 litabaki na thamani ya takriban milioni 39 baada ya miaka 10, na chini kidogo ya milioni 8 baada ya miaka 20. Magari yetu yote mawili yameshapita sehemu kali ya mteremko huo. Basi usihangaike sana na lipi litapoteza thamani zaidi.

Hangaika na spea. Bei ya giaboksi ya E 350 ilipangwa kwa kadiri ya gari jipya la kifahari, na haikushuka kwa kasi ya gari lenyewe. Hapa ndipo watu wazuri, wenye hesabu nzuri za kununua, wanapoumia: wamemudu bei ya gari, hawakumudu matunzo yake. W124 ina nafuu, kwani zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.5 na viwanda vingi bado vinatoa spea zake. E 350 ina jambo jingine la kuchunguza. Injini zake za mwanzo, aina ya M272, zina shafti ya kusawazisha, mhimili unaozima mtikisiko wa silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V. Katika baadhi yake, gia ya shafti hiyo huliwa mapema, na kuibadilisha ni kazi kubwa inayohitaji injini itolewe. Namba ya injini husaidia kujua kama yako imo kwenye kundi hilo.

Utaniuliza ningechagua lipi. Kwa anayesafiri na watoto kwenye barabara kuu, aliye karibu na gereji yenye Star Diagnosis, mashine ya kusoma kompyuta za Mercedes-Benz, na mwenye akiba ya matengenezo, ningependekeza E 350 yenye kumbukumbu kamili za huduma. Usalama wake ni wa kizazi kingine, na sitaki kuuficha nyuma ya mapenzi yangu kwa W124. Kwa aliye mbali na gereji hiyo, au mwenye akiba ndogo, E 220 iliyotunzwa ndiyo salama ya mfuko. Na kama E 350 haina kumbukumbu, sioni haja ya kuendelea kuijadili.

Ukienda kukagua, omba miadi ya asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Injini baridi husema mengi: mlio wa cheni iliyolegea na moshi wa oili husikika na kuonekana vizuri zaidi mwanzoni. Kisha, kwa E 350, fungulia swichi bila kuwasha injini, uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Inapaswa kuwaka sasa, na kuzimika injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeizima ili usiione ikikuonya; funga swichi, na gari lisomwe kwa mashine kabla ya kuzungumza bei.