Shahidi wa Kioo katika Ndoo ya Togwa

Nahodha atokaye bahari kuu akaliingiza jahazi lake katika mlango wa mto Rufiji, shehena ikiwa ile ile aliyopakia, huliona jahazi limezama zaidi kuliko lilivyokuwa alfajiri, ilhali hapana aliyeongeza hata pishi moja ya mchele. Kilichobadilika ni maji, kwani maji ya bahari kwa sababu ya chumvi yake ni mazito kuliko maji baridi ya mto, na kila kieleacho hakina budi kuzama mpaka kisukume kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe.

Kanuni hiyo, ambayo Archimedes wa Syracuse aliibainisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiyo iliyozaa haidromita, yaani kijiti cha kioo kilicho kitupu ndani, kilichotiwa risasi chini ili kisimame wima, na chenye karatasi ya vipimo shingoni, ambayo katika maji safi husomeka 1.000 na katika maji ya bahari takriban 1.025. Wapika bia wa Uingereza walipokizoea chombo hiki mwishoni mwa karne ya 18, hasa baada ya John Richardson wa Hull kupiga chapa kitabu chake mwaka 1784, waligundua kwa mshangao kwamba kimea cha kahawia walichokuwa wakikinunua kwa urahisi wa bei kilitoa sukari haba kuliko kile cheupe kilichokuwa ghali.

Leo haidromita haikosekani katika kabati la Mwingereza ajipikiaye bia nyumbani, jambo ambalo tangu mwaka 1963 halihitaji leseni. Aghalabu mtu huyo hahangaiki na nafaka, bali hununua mkebe wa shira ya kimea, ambayo kiwandani imekwisha kukamuliwa sukari yake kutoka katika shayiri iliyooteshwa, kisha ikapunguzwa maji mpaka ikawa nzito kama asali. Huichemsha pamoja na maua ya hopsi katika sufuria, akaimimina ndooni, akaongeza maji baridi, na togwa hiyo, yaani bia ambayo bado haijachacha, ikiisha kupoa huitia hamira. Hupima kabla ya hamira na hupima tena bia ikiisha kuchacha. Ikiwa mwanzo ilikuwa 1.045 na mwisho ni 1.011, tofauti ile ya nukta 34 humwambia kwamba amepata kileo cha kadiri ya asilimia 4.5.

Tumchukue basi mpishi aliyetia kilo 3 za shira katika ndoo ya lita 20. Kilo moja ya shira hutoa takriban nukta 300 katika lita moja. Kilo tatu ni 900, na 900 zikigawanywa kwa lita 20 ni nukta 45, kwa hiyo atarajia 1.045. Anachota kwa upawa, anakitumbukiza kijiti, anasoma 1.031. Moyo unamwenda mbio; anamtuhumu muuza shira, anafikiri kuongeza sukari. Lakini lau angelitafakari kidogo angeliona kwamba apikaye kwa nafaka aweza kweli kupoteza sukari iliyonasa katika makapi, ilhali sukari ya shira haina pa kujificha, na maadamu mkebe wote umeingia na maji yamepimwa sawasawa, hesabu ni thabiti kuliko kipimo. Kioo hakikusema uwongo. Kimetoa ushahidi wa ule upawa tu.

Kwani alichemsha lita 8 peke yake, na katika lita 8 zile nukta 900 hufanya togwa ya 1.112, iliyo nzito mno. Na alipoongeza lita 12 za maji, maji yale yalikaa juu na utamu ukatuama chini, hata angelifungua bomba la chini ya ndoo angelisoma 1.060 akajiona tajiri. Atazamaye kwa makini togwa iliyo katika bilauri huona nyuzi nyembamba zikipindapinda kama joto juu ya mchanga wa adhuhuri, ndiyo dalili kwamba maji na utamu havijapatana. Mnunuzi wa maziwa nchini Kenya hulijua jambo hili, naye hulikoroga debe kabla ya kutumbukiza laktomita, kwa kuwa malai hupanda juu.

Sababu ya pili ni joto. Vijiti vingi vimepimiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na togwa iliyo na nyuzi 40, kwa kuwa imetanuka, husomeka pungufu kwa nukta kama 6. Sharti ipoe kwanza. Na anayekishuku kijiti chenyewe akitie katika maji safi ya nyuzi 20: kisiposoma 1.000, karatasi ya ndani imeteleza.

Mwishoni mwa kuchacha mashaka hugeuka. Viputo vya hewa ya kaboni hushikamana na kioo kama kome kwenye ngalawa, vikakiinua, na bia ikaonekana nzito kuliko ilivyo; kijiti kikizungushwa kwa vidole, viputo huachia. Bia ikikwama kwenye 1.020, pengine hamira haina kosa, kwani baadhi ya sukari za shira ni minyororo mirefu isiyolika nayo. Ngojea: vipimo viwili vilivyo sawa, vikiachana kwa siku tatu, ndivyo vitoavyo ruhusa ya kutia chupani, kwa maana bia inayoendelea kuchacha ndani ya chupa iliyozibwa huweza kuipasua.

Mpishi wetu akachukua mwiko, akakoroga dakika tano kutoka chini kwenda juu, akapima tena: 1.044. Ile nukta moja iliyosalia alikwenda kuitafuta katika mkebe, akaikuta, gramu sitini na kitu za shira zimeng'ang'ania kuta zake.