Kiwanda Kilichomo Ndani ya Mfupa

Alfajiri kwenye feri ya Likoni si ajabu kumkuta mama amempakata mtoto wa miezi minane, vidole vimemfura kama ndizi za kisukari, na ukivigusa analia. Majirani wamesema ni baridi. Mama anavuka kwenda kisiwani Mombasa mtoto apimwe damu, na mara nyingi jibu huwa sikoseli, ugonjwa ambao Watanzania wanauita selimundu.

Chembe nyekundu za mtoto huyo zikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu na kuziba mishipa myembamba. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Hizi hazifiki hata 30, ndiyo maana damu haikai mwilini. Na hakuna aliyemroga; kasoro ameirithi kwa wazazi wote wawili. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alionyesha kwamba anayerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo sababu imeota mizizi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ikawa adimu nyanda za juu.

Chembe hizo huzaliwa na seli shina zilizomo kwenye uboho, ndani ya mfupa. Ukipandikiza seli shina za ndugu wa baba na mama mmoja zinazoafikiana, uboho mpya hutengeneza damu nzima. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuafikiana. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023.

Huwezi kuizungumzia sikoseli Afrika Mashariki ukamwacha Profesa Julie Makani. Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, akaenda Uingereza kuongeza masomo, akarudi palepale kutibu, kutafiti na kufundisha. Hakuanza na mashine kubwa. Tangu 2004 yeye na wenzake wamewafuatilia wagonjwa kwa maelfu: nani ana homa, nani ameongezewa damu, nani hakurudi kliniki. Kwangu mimi, kazi hiyo ya daftari ndiyo sayansi yenyewe, kwa sababu daktari asiyejua wagonjwa wake wanakufa na nini hajui wa kumpandikiza kwanza.

Tiba ya kuhariri jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Huko Marekani bei yake inazidi dola milioni 2. Inachofanya ni kuiamsha himoglobini ya mtoto akiwa tumboni, ileile iliyomkinga mtoto wetu miezi yake ya kwanza, kabla vidole havijafura. Hidroksiurea nayo huiamsha, ingawa si kwa nguvu hiyo, na hiyo ni kidonge cha kumeza kila siku. Mama huyo akifika kisiwani aulizie kidonge hicho, na siku nyingine avuke na ndugu za mtoto, nao wapimwe.