Usukani mzito? Kagua haya kabla ya kupakia watoto

Breki zikilegea, wazazi wengi hukimbilia gereji siku hiyohiyo. Usukani ukianza kuwa mzito, huvumiliwa. Mama hukaza mikono, baba husema "mwisho wa mwezi tutaangalia", na watoto huendelea kupelekwa shule kila asubuhi. Huo ni uvumilivu wa hatari. Bodaboda ikikatiza ghafla mbele yako, huna muda wa kushindana na usukani.

Bahati nzuri, dalili nyingi unaweza kuzitambua mwenyewe nyumbani, kabla fundi hajakuambia ununue stelingi reki nzima.

Jua aina ya pawa stelingi yako

Fungua boneti. Ukiona kikopo cha oili chenye alama ya usukani kwenye kifuniko, gari lako linatumia pampu na oili. Magari madogo mengi, kama Toyota Passo, hayana oili hiyo. Yanasaidiwa na mota ya umeme. Dalili zake hazifanani, kwa hiyo usikubali kuuziwa oili ya gari la umeme.

Anza na vya bei nafuu

Kwanza, upepo. Tairi za mbele zikipungua upepo, usukani huwa mzito hata kama pawa stelingi ni nzima. Gari likivuta upande mmoja, mara nyingi tatizo ni tairi au alaimenti.

Pili, oili. Gari likiwa limezimwa na kupoa, angalia kiwango chake. Oili hii haitumiki ikaisha kama petroli, huzunguka tu. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Laza boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku, na asubuhi tazama matone yamedondokea wapi. Oili nyeusi inayonuka kuungua imechoka. Yenye povu imeingiza hewa. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari tu. Usiweke oili ya breki kamwe, huharibu sili.

Tatu, mkanda wa pampu. Injini ikiwa imezimwa, angalia kama una nyufa au umelegea.

Sikiliza mlio

Mlio mkali wa kukwaruza unapokata kona, hasa asubuhi, mara nyingi ni mkanda. Mngurumo unaoongezeka kadiri unavyozungusha usukani huashiria oili kidogo au pampu iliyochoka. Kugonga "ko, ko" kwenye mashimo kunaelekeza kwenye tai rodi, boljointi au bushi. Hili la mwisho usilicheleweshe, kwa sababu tai rodi ikichomoka, usukani hauongozi tena tairi.

Kama ni ya umeme

Taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, anza na betri na vituo vyake. Betri dhaifu hufanya usukani uwe mzito. Mota nayo ikipata moto baada ya kuzungusha sana, kwa mfano kwenye maegesho finyu, hupunguza msaada hadi ipoe. Taa ikiendelea kuwaka, gari lipimwe kwa mashine kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Ukikataa ukiwa barabarani

Usizime injini gari likiwa linatembea. Usukani bado unageuka, ila unahitaji nguvu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa indiketa na utoke barabarani taratibu. Taa ya betri ikiwaka pamoja na usukani kuwa mzito, huenda mkanda umekatika. Kwenye magari mengi mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya maji, kwa hiyo ukiendelea kuendesha utaua injini. Ukiona moshi au kunusa oili inayoungua, shusha watoto kwanza, uwapeleke mbali na gari na barabara. Oili ikidondokea ekzosi inaweza kuwaka moto.

Ukifika gereji

Mwambie fundi lini usukani huwa mzito: asubuhi, gari likisimama, au muda wote. Mwombe akuonyeshe kwa macho panapovuja kabla hujatoa pesa. Wakati mwingine kinachovuja ni mpira au klipu tu. Na ukishatengeneza, usikaze usukani hadi mwisho zaidi ya sekunde chache. Pampu huumia hapo.

Gari likiwa bado halijatengenezwa, watoto wapande daladala.