Mvua Ikikuzuia Ukienda Kuwaona Jamaa Ng'ambo

TUSEME bintiyo na mumewe wanafanya kazi Dubai, na wamejaliwa mtoto wa kwanza. Chama kimekukopesha nauli. Sanduku limejaa unga wa wimbi, majani chai na leso za mzazi. Kazini umepewa likizo ya siku kumi tu. Ndege inatua, unapiga simu, na bintiyo anakwambia: "Mama, usitoke hapo. Barabara zote ni maji."

Usicheke ukisema jangwani hakunyeshi. Tarehe 16 Aprili 2024, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu vipimo vianze kuwekwa mwaka wa 1949. Katika eneo la Al Ain zilipimwa milimita 254 kwa muda usiotimia saa 24. Dubai kwa kawaida haipati hata milimita 100 kwa mwaka mzima. Mji wa lami na saruji, wenye mifereji michache, ungeyapeleka wapi maji hayo?

Safari zaidi ya 1,000 za ndege zilifutwa. Abiria walilala sakafuni, na hata wafanyakazi wa ndege walishindwa kufika kiwanjani. Mvua ilikatika, lakini msongamano ulichukua siku kadhaa kuisha, na masanduku kwa maelfu yakabaki nyuma.

Je, wewe ufanye nini?

Kwanza, usibane tarehe. Anayepanga kurudi Jumapili usiku ili aingie kazini Jumatatu asubuhi anacheza bahati nasibu na mawingu. Jiachie siku mbili, na hakikisha viza yako pia ina nafasi hiyo.

Pili, dawa za presha au sukari, nguo ya kubadili, chaja ya simu na pesa kidogo viwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku likipotelea huko, unga wa wimbi utasubiri. Dawa haisubiri.

Tatu, ikiwa utabadilisha ndege njiani, nunua tiketi moja ya safari nzima. Ukinunua mbili mbalimbali kwa kutafuta rahisi, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili laweza kukuhesabu kuwa hukufika, na nauli ikapotea.

Nne, jua haki zako. Ukiondoka katika kiwanja cha Umoja wa Ulaya au Uingereza, sheria inalitaka shirika likupe chakula na mahali pa kulala, na ndege ikifutwa uchague kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine, hata kama kosa ni la mvua. Fidia ya pesa juu ya hayo usiitarajie, kwa sababu hali mbaya ya hewa si kosa la shirika. Si kila nchi yenye sheria kama hiyo. Uliza kabla ya kulipa, na weka kila risiti.

La mwisho ndilo kubwa. Usimsukume mwenyeji aje kukuchukua. Siku mbili kabla ya mvua hiyo ya Dubai, mafuriko ya jirani zao Oman yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililosombwa na maji. Maji yanayotiririka barabarani hayaonyeshi kina chake, na gari huelea upesi kuliko dereva anavyodhani. Mkwe wako, kwa kukuheshimu, hatathubutu kukwambia "ngoja". Basi liseme wewe mwenyewe: "Baba, kaeni nyumbani. Mimi niko salama hapa, nimekula."

Utaudhika, mgongo utauma kwa kulalia kiti, na siku mbili katika zako kumi zitakuwa zimekwenda. Lakini zitabaki nane, na utakapobisha hodi, mlango utafunguliwa na baba na mama wa mjukuu wako, wote wawili wazima.