Homa ya Kariokor si homa ya Kariakoo

MAMA mmoja anayeuza vyondo katika soko la Kariokor aliniambia majuzi, huku akipenga kamasi: “Mwalimu, niko na homa tangu Jumamosi, lakini itaisha tu.” Mtanzania angeisikia kauli hiyo, angeuliza papo hapo iwapo mama amepimwa malaria. Mimi nilielewa kuwa pua inamchuruzika na koo linamwasha. Nilipomuuliza kama mwili una joto, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. “Joto ya nini? Ni homa tu.”

Kinachonichekesha ni kwamba Kariokor yetu na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina moja. Yote mawili yalizaliwa vinywani mwa watu waliojaribu kutamka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichobebea jeshi la Uingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na nimonia. Jina likabaki pande zote mbili za mpaka, ila neno homa likafuata njia mbili.

Katika Kiswahili sanifu, homa ni hali ya mwili kupata joto kupita kiasi. Kamasi na chafya ni mafua. Hata sisi Wakenya tunaihifadhi maana hiyo tusemapo homa ya manjano au homa ya matumbo. Lakini neno likisimama peke yake katika mitaa ya Eastlands, aghalabu huwa mafua. Nadhani hali ya hewa imechangia: Nairobi iko mwinuko wa takriban mita 1,700, malaria si ugonjwa wa kila siku humu, na kinachotusumbua mwezi Julai ni baridi.

Suala hili lingekuwa la walimu wa sarufi tu lau lisingeingia hospitalini. Mtafiti anayechunguza dalili za wagonjwa huandaa hojaji, mara nyingi kwa Kiingereza, kisha humpa mfasiri. Mfasiri anaandika: “Je, umekuwa na homa katika siku saba zilizopita?” Ili kuhakikisha tafsiri ni sahihi, mtu wa pili, ambaye hakuiona hojaji asilia, huirejesha kwa Kiingereza. Matini mbili zikilingana, hojaji hupita.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouona utaratibu huo kuwa kinga tosha. Mfasiri wa kwanza alijifunza homa shuleni, na wa pili alijifunza homa shuleni. Bila shaka watakubaliana! Asiyekuwa mezani ni mama wa vyondo. Atakapoulizwa, atajibu “ndiyo,” na mafua yake yataingia kwenye jedwali kama joto la mwili. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea sarufi, lakini takwimu imeharibika.

Wapo watafiti waliolitambua tatizo hili mapema. Mwaka 1996, Peter Winch na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu majina ya homa mbalimbali wilayani Bagamoyo, Tanzania. Ilibainika kwamba wenyeji wengi hawakuihusisha degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutupatupa viungo, na malaria. Kwao ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili ya kishetani, na wa kupelekwa kwanza kwa mganga. Mabango ya kuwahimiza wazazi kuwahisha watoto wenye malaria hospitalini yangewapita kando wazazi hao, maadamu mtoto wao “hakuwa na malaria.” Neno moja, na saa za kumwokoa mtoto zinapotea.

Majeraha nayo yana mitego yake. Mtu akisema amevunjika mkono, huenda ni kiganja, huenda ni karibu na bega. Mguu nao huanzia nyongani hadi vidoleni. Daktari mwenye picha ya eksirei hana wasiwasi. Mtafiti anayehoji watu kwa simu hana picha.

Zito zaidi ni majeraha ya kichwa. Kipimo cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, humpa mgonjwa alama kati ya 3 na 15. Sehemu yake moja, yenye alama 5, hutegemea anavyojibu akisemeshwa: anajua yuko wapi? Ni mwezi gani? Anayejibu sawasawa hupata 5, na anayechanganyikiwa 4. Akitoa maneno yasiyohusiana na swali, 3. Sasa mfikirie kijana wa bodaboda aliyeangushwa kwenye barabara ya General Waruinge. Akijibu “niko hosi,” muuguzi wa Nairobi ataelewa. Je, akiwa ametoka Eastleigh hapo jirani na maumivu yamemrudisha kwenye Kisomali chake? Alama 8 kwenda chini huhesabiwa kuwa jeraha baya sana, kwa hiyo alama moja au mbili zilizopotea kwa sababu ya lugha zinaweza kumhamisha kutoka kundi moja hadi jingine.

Tuseme ametoka hospitalini. Baada ya miezi mitatu anapigiwa simu: “Ulipona?” Anajibu, “Nilipona, Mungu ni mwema.” Kitenzi kupona kina maana mbili: kurejea katika afya, na kunusurika. Huenda kijana anashukuru tu kwamba hakufa, ilhali anajibu akiwa ameegemea magongo. Kuuliza “Umepata nafuu?” hakutatui jambo. Sisi ni watu wa “sijambo” kwanza, malalamiko baadaye; mgonjwa mwenye adabu atasema “nafuu ipo” hata kama usiku hakulala.

Kwa mintarafu ya homa, dawa ni rahisi: andika “mwili kuwa na joto jingi,” kisha kabla ya utafiti kuanza waombe watu kumi wa mtaani walieleze swali lako kwa maneno yao wenyewe. Kwa kupona, afadhali swali litaje kazi. Unapanda ngazi bila gongo? Umerudi barabarani? Kijana wetu anaweza kuwa amepona, na pikipiki bado inaendeshwa na ndugu yake.